Vazi la Kutokea Majini

Mwaka 1897 Mjapani mmoja, Gennosuke Kodani, alifika Point Lobos, rasi ya majabali iliyo kusini kidogo ya mji wa Carmel katika jimbo la California, akakuta miamba imesheheni abaloni, konokono wakubwa wa baharini ambao kwao Japani walikuwa mali. Wazamiaji walioletwa kutoka huko waliingia majini kama walivyozoea, pumzi kifuani na mwili karibu mtupu. Hawakudumu. Kazi yao waliijua, lakini bahari ile iliwapoza mapema mno, na haukupita muda mrefu zikaletwa zana za aina nyingine kabisa: kofia ya chuma yenye vioo, mpira wa kupitishia hewa kutoka kwenye mashua, na suti ya turubai lililotiwa mpira, iliyovaliwa juu ya nguo nzito za sufu. Ndani ya suti ile mtu alibaki mkavu. Kazi ikaenda.

Hori walilofanyia kazi, Whalers Cove, leo limo ndani ya hifadhi. Maji yake yalitengwa mwaka 1960, miongoni mwa hifadhi za mwanzo kabisa za chini ya bahari nchini Marekani, na idadi ya wanaozama kwa siku ina kikomo. Nafasi huwekwa mapema. Unaegesha gari hatua chache kutoka kwenye sakafu ya zege inayoteremka hadi majini, unafungua buti la gari, unaanza kuvaa. Napenda kuwatazama watu wakivaa pale. Mmoja anajikunja kama anayepambana na chatu, mwingine amekwishavaa na anatembea huku na huko akitoka jasho, wa tatu anamngoja mwenzake amfungie zipu ya mgongoni. Wote wamefanya uamuzi ule ule uliowakabili watu wa Kodani, na kila mmoja ameufanya kivyake.

Dukani suti husifiwa kwa sifa moja: itakupa joto kiasi gani ukiwa chini. Kwa anayeingia baharini kwa kutembea kutoka ufukweni, sifa hiyo ni nusu ya hesabu. Yeye atavaa juani, atabeba mtungi na risasi za kumzamisha, mzigo unaoweza kupita kilo 30, ataogelea juu kwa juu hadi kwenye kina, atazama, atarudi, na mwisho, akiwa amechoka na vidole vimekufa ganzi, itambidi atoke majini kwa miguu yake mwenyewe. Wa boti hushika ngazi, akapokewa mzigo, akapewa kikombe cha chai. Wa ufukweni ngazi hana. Ndiyo maana nasema suti yake ichaguliwe kwa kuanzia mwisho: atatokaje?

Kwanza maji yenyewe. Ghuba ya Monterey ina nyuzi kati ya 10 na 15 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na mgeni hudanganywa na jua. Miezi ambayo anga ni ya buluu na upepo unavuma kutoka kaskazini-magharibi, Aprili hadi Juni, ndiyo miezi ambayo maji ni baridi zaidi, kwa sababu upepo huo huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na ya kilindini yakapanda kushika nafasi yake. Jambo hilo si geni katika bahari yetu. Kusi ikishika kasi pwani ya Somalia hufanya vivyo hivyo, na samaki wakanenepa kwa virutubisho vinavyopanda. California virutubisho hivyo hulisha misitu ya kelpi, mwani mrefu kama minazi ambao siku ya neema huongezeka zaidi ya sentimita 30. Atakaye kuuona msitu ule lazima aukubali ubaridi unaoulisha. Septemba na Oktoba upepo hutulia, maji yakapata uvuguvugu kidogo, na wenyeji wakaanza kusema ni joto. Uvuguvugu huo, kwa mtu wa Mafia au Watamu, ni maji ya friji.

Sisi tuliozoea bahari ya nyuzi 25 hadi 29 tulizama kwa fulana na kaptula, au kwa suti ya milimita 3 iliyotukinga na mikwaruzo ya matumbawe kuliko baridi. Nilipomsimulia shangazi yangu wa Tanga kwa simu habari za maji ya huku, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, na hao wanyama wa huko wanavaa nini?”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu wanyama wenye damu ya joto katika ghuba ile wamelijibu kwa njia mbili, na maduka ya vifaa vya mbizi yanauza nakala za majibu hayo.

Sili na simba-bahari, wale wanaolala juu ya mawe ya gati la Monterey wakibweka mchana kutwa, wamevaa mafuta. Tabaka nene la mafuta chini ya ngozi haliminywi na kina. Sili akishuka mita 100 mafuta yake ni yale yale. Fisi maji wa baharini, kwa upande wake, hana mafuta hayo. Amevaa manyoya, mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, nywele zaidi ya 100,000 katika sentimita moja ya mraba, na kazi ya manyoya hayo ni kushika hewa. Maji hayaifikii ngozi. Ndiyo maana utamwona akielea chali kwenye kelpi huku akijikuna, akijisugua, akijipulizia: anatengeneza vazi lake. Akiacha kulitunza, baridi itamwingia. Mafuta ghafi ya meli ya Exxon Valdez yalipomwagika Alaska mwaka 1989, yaliyagandisha manyoya ya fisi maji, hewa ikatoka, wakafa kwa wingi. Tena hata vazi likiwa zima halitoshi peke yake. Hula karibu robo ya uzito wake kila siku ili tanuru la ndani lisizimike.

Hewa, basi. Kila vazi la maji baridi tulilobuni ni namna ya kukaa karibu na hewa, au gesi nyingine, isiyotembea. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa, na mtu mwenye nyuzi 37 ndani ya maji ya nyuzi 11 ni kama birika lililoachwa dirishani. Suti ya turubai ya Wajapani ililijua hilo kwa njia ya zamani: funga kila tundu, mtu abaki na sufu yake kavu.

Mwaka 1951 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aliyewahi kufanya kazi Los Alamos kwenye mradi wa bomu la atomiki, alikuwa akiwafikiria wazamiaji wa jeshi la majini. Aliona jambo ambalo likishasemwa linaonekana la wazi: si lazima mtu awe mkavu ili awe na joto. Ikiwa gesi ya kuzuia joto imo ndani ya kitambaa chenyewe, maji yakipenya hadi kwenye ngozi si neno. Mwenzake Willard Bascom alipendekeza neopreni yenye povu, mpira uliojaa vitundu vya gesi visivyounganika. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa suti ya kulowa. Bradner hakuwa na hataza. Jack O'Neill wa San Francisco na ndugu wawili pacha, Bill na Bob Meistrell wa kusini mwa California, walizishona na kuziuza kwa wateleza mawimbi na wazamiaji, na ubishi kuhusu nani alitangulia umeendelea miaka mingi. Ubishi huo mimi hauninyimi usingizi.

Kinachonikera ni maelezo ambayo bado unayasikia kwa wauzaji: kwamba suti ya kulowa hukupa joto kwa sababu maji machache hubaki kati yake na ngozi, mwili ukayapasha moto, yakawa kama blanketi. Bradner asingekubali. Blanketi ni gesi iliyomo kwenye mpira. Maji yale ni mgeni tu, na sharti lake ni moja, atulie. Yakianza kutembea, yakiingia shingoni na kutokea kiunoni kila unapopiga pezi, umelipia mpira wa milimita 7 ukapata fulana. Kwa hiyo kabla hujauliza unene, uliza imekaaje mwilini. Ivae dukani, chuchumaa, nyoosha mikono juu, kisha mwambie mtu apige kofi katikati ya mgongo wako, pale uti unapoingia ndani. Pakilia kama ngoma, pana nafasi, na bahari itapakalia hapo. Suti ya milimita 5 iliyokushika vizuri kote naichagua kabla ya ile ya 7 ya kukodi iliyoshonewa mtu mwenye tumbo ambalo sina.

Gesi kwenye mpira ina udhaifu mmoja ambao mafuta ya sili hayana. Kina huiminya. Mita 10 chini, kila kitundu kimebaki nusu ya ukubwa wake. Mita 20, theluthi. Mita 30, robo. Suti uliyoivaa ufukweni sio utakayokuwa nayo kwenye kina, na inakuwa nyembamba pale pale maji yanapozidi ubaridi. Inapungua pia uwezo wa kuelea, kwa hiyo risasi ulizozihitaji ili kuzama juu sasa zinakuvuta, na unajaza hewa kwenye jaketi la kuelea kufidia. Wenyeji wa Monterey walitafuta dawa kwa kuongeza mpira: ovaroli isiyo na mikono, na juu yake jaketi lenye kofia, kiwiliwili kikawa na milimita 14. Ni vazi la kishamba kidogo kulitazama. Linafanya kazi.

Suti kavu, mjukuu wa ile ya turubai, ni jibu la fisi maji. Mara nyingi ni kitambaa chembamba cha tabaka kadhaa kisichopitisha maji na ambacho chenyewe hakina joto lolote. Joto liko kwenye nguo za ndani, na hewa iliyomo humo huongezwa kutoka kwenye mtungi kwa kubonyeza vali kifuani kila unaposhuka. Kina kikiminya, wewe unarudishia. Ukipanda, hewa hutoka kwa vali ya mkononi. Gharama yake kwa kawaida ni mara kadhaa ya suti ya kulowa, na kuivaa kuna mafunzo yake, kwa sababu hewa hiyo ni kiumbe chenye matakwa. Ukiinamisha kichwa mno itakukimbilia miguuni, ukajikuta unapaa kinyumenyume.

Kuivaa kwenyewe ni jambo la kulitazama. Unavua saa na pete. Unapaka poda kwenye mpira mwembamba wa shingoni na wa viganjani, maana ukucha mmoja mrefu unaweza kuuchana na siku imeisha hapo. Unaingiza miguu, unapandisha, unapenyeza mikono, kisha unaingiza vidole vyote kwenye mpira wa shingo, unautanua, unafumba macho na kusukuma kichwa. Kwa muda mfupi huoni wala husikii ila pumzi zako na harufu ya mpira. Kichwa kinatoka, unaukunja mpira ulale bapa dhidi ya ngozi, unaondoa kila unywele ulionaswa, kwa sababu unywele mmoja ni mfereji. Halafu zipu. Zipu ya suti kavu haivutwi kwa papara. Inavutwa taratibu, macho yakiifuata hadi jino la mwisho, kwani robo ya sentimita iliyobaki wazi inatosha kujaza suti maji. Ukishafungwa, unachuchumaa ukijikumbatia huku ukivuta mpira wa shingo kwa kidole ili hewa iliyozidi itoke.

Na sasa uko ndani ya nguo za sufu, kwenye jua la Mei, na hujagusa maji bado.

Hapa ndipo ufukwe unapodai haki yake. Mtu wa pwani baridi anapita tabia-nchi mbili katika saa moja, na hakuna vazi linalozipenda zote mbili. Mpira mzito unakutia jasho na kukubana pumzi unapotembea na mzigo. Nguo za ndani za suti kavu zikilowa jasho juu, zitakuwa baridi chini. Dawa ni ya kawaida kabisa, panga kila kitu kwanza, vaa mwisho, jimwagie maji kichwani, usisimame kupiga soga. Soga ni adui. Nimeona watu wenye suti nzuri wakiiva kabla ya kuzama kwa sababu mwenzao alikuwa na hadithi ndefu.

Kusini ya Carmel kuna ufukwe uitwao Monastery, wenye changarawe kubwa na mteremko mkali ambapo wimbi huvunjika miguuni pako. Umeua watu. Wanaoujua hawajaribu kutoka wima. Hubaki na kifaa cha kupumulia mdomoni, wakalala kifudifudi na kutambaa kwa mikono na magoti hadi wimbi lisipowafikia, wakibeba changarawe kwenye kila mfuko. Pale suti ina kazi ambayo haijaandikwa kwenye lebo. Magoti yawe na kiraka kigumu. Glavu ziwe nene za kukinga lakini si nene kiasi kwamba huwezi kufungua kifungo cha risasi. Buti iwe na soli ya kutembelea. Aliyepoa hadi akawa mlegevu asiingie pale kabisa, kwani ufukwe ule hutaka nguvu mwishoni, saa ambayo baridi imekwisha kuzichukua.

Baridi huanza na mikono. Damu huitwa kifuani, vidole vikapoteza akili, na jambo dogo kama kubana klipu likawa mradi. Damu hiyo iliyokusanyika katikati huudanganya mwili kwamba una maji mengi, na figo zikafungua bomba. Mwenye suti ya kulowa hulimaliza jambo hilo kimya kimya na kuosha suti yake nyumbani kwa bidii; mwenye suti kavu hutumia vali maalumu au huvumilia. Kisha hufuata uchache wa hamu. Unaanza kuangalia geji kuliko samaki.

Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha jeshi la majini la Marekani kilichapisha matokeo ambayo kila mnunuzi wa suti angefaa kuyasikia. Wazamiaji waliokuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni mwilini kuliko wale waliopoa chini na kupashwa joto wakati wa kupanda. Joto ukiwa kwenye kina hufungua mishipa, naitrojeni ikaingia kwa wingi. Baridi ya kupanda huifunga, naitrojeni ikakosa njia ya kutoka. “Baridi” ya jaribio lile ilikuwa nyuzi 27, maji ambayo Zanzibar mtoto anachezea. Suti ya kulowa kwa kawaida hukupitisha kwenye mpangilio huo mbaya: unaingia ukiwa na joto, unatoka ukitetemeka. Ndiyo sababu nyingine ya kuipima suti kwa dakika zake za mwisho, na ya kukatisha mbizi mapema badala ya kungoja meno yagongane.

Ila sitaki niseme kwamba vazi bora ni lile linalokuweka ndani muda mrefu zaidi. Wanawake wazamiaji wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, haenyeo, walizama kwa nguo za pamba hadi miaka ya 1970. Majira ya baridi walikaa majini muda mfupi, wakatoka na kukaa kuzunguka moto ndani ya boma la mawe liitwalo bulteok, wakarudi. Wanafiziolojia waliowapima kuanzia miaka ya 1960 waligundua kwamba miili yao iliongeza joto la msingi wakati wa baridi. Suti za mpira zilipofika, wakaweza kukaa saa kadhaa mfululizo, na katika miaka michache tu miili yao ikaliacha zoea lile. Bulteok nyingi zikabaki bila moto. Japani, baadhi ya vijiji vya wazamiaji wanawake viliziwekea suti hizo mipaka, kwa sababu baridi ndiyo iliyokuwa mlinzi wa abaloni: inapomtoa mzamiaji majini, konokono hupumzika. UNESCO iliiandika kazi ya haenyeo katika urithi wa binadamu mwaka 2016, na wengi wa walioandikwa walikuwa bibi waliovaa neopreni.

Naufikiria moto ule wa Jeju kama sehemu ya suti. Mtu akiniuliza anunue nini kwa ajili ya Monterey, namwambia aanze na vitu vidogo, kofia inayokaa vizuri usoni, glavu na buti, kisha chupa kubwa ya kuhifadhi maji ya moto, nusu ya kunywa na nusu ya kumimina ndani ya suti kabla ya kuingia, na koti la upepo la kuvaa mara atokapo, maana upepo kwenye mpira uliolowa humpoza mtu haraka. Baada ya hapo, kama anazama mara moja kwa siku na anapenda kuogelea, suti ya kulowa ya milimita 7 iliyomkaa inatosha, na pesa iliyobaki alipie mitungi. Kama anapiga picha, kazi ya kutulia mahali pamoja, au ni mwembamba, au anataka kuzama mara mbili na kurudi nyumbani akiwa na furaha ya kuendesha gari, ajitie kwenye suti kavu, asome kozi yake kwanza, na akubali kwamba mpira wa shingo ni wa kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa kama matairi. Anunue nta ya zipu siku hiyo hiyo. Kipande ni kidogo, huuzwa kando ya kaunta, na kila mtu humwazima mwenzake asirudishiwe, kwa hiyo achukue viwili.